Shajara ya mradi: nani atahitaji kupangiwa mionzi upya?

Februari, mwanzoni

Mradi umeshapata folda na jina, kwa hiyo nauhesabu umezaliwa. Shajara naiandika kwa sababu mwenzangu, mfizikia wa mionzi aliyeko Dar es Salaam, hana subira na ujumbe mrefu wa simu, nami nikikaa wiki mbili bila kuandika sikumbuki tena kwa nini nilichagua njia hii nikaiacha ile. Atakayeokota humu la kumfaa, karibu.

Swali letu ni hili. Mgonjwa wa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, hupigwa picha ya CT mara moja tu, kabla ya tiba kuanza. Juu ya picha hiyo daktari anachora eneo la kupigwa mionzi: uvimbe wenyewe, mafuta yanayoizunguka puru ambayo wataalamu huyaita mesorektamu, na tezi za limfu za nyonga. Mfizikia anapanga miale ipite wapi na kwa nguvu gani. Mpango huo mmoja ndio unaotumika mpaka mwisho. Kwa njia ndefu ni mikupuo 25, yaani vipindi vya kupigwa mionzi, kila mmoja 1.8 Gy (Gy, grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi), jumla 45 Gy, au 28 kufikia 50.4 Gy, pamoja na vidonge vya kapesitabini, dawa ya kemo. Kwa njia fupi ni mikupuo 5 ya 5 Gy, na wiki moja yote yamekwisha.

Taabu ni kwamba puru haitulii. Leo imejaa, kesho iko tupu, keshokutwa ina gesi. Mbele yake kuna kibofu, nacho kina mambo yake. Yale mafuta yanasukumwa huku na huku, na eneo lililochorwa siku ile halipo palepale siku ya mkupuo wa nane.

Dawa ya taabu hii inajulikana: kurekebisha mpango njiani, tiba ikiendelea. Di Yan na wenzake wa hospitali ya William Beaumont, Michigan, waliliandika wazo hilo mwaka 1997. Siku hizi ziko mashine kama Ethos ya Varian na Unity ya Elekta zinazopanga upya mgonjwa akiwa bado amelala kitandani. Lakini kazi hiyo inakula muda wa mashine na wa watu, na penye foleni kila dakika aliyopewa mmoja ni dakika aliyonyimwa mwingine. Kwa hiyo tunataka kujua mapema: kati ya wagonjwa wote, ni nani hasa atakayefaidika na kupangiwa upya, na nani mpango wake wa kwanza unamtosha?

Mimi ni mwalimu wa takwimu, si mganga. Mwenzangu ndiye anayeijua mashine. Niko Tanga, na hapa Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, hakuna mashine ya mionzi. Mgonjwa wetu anaandikiwa rufaa ya Dar, safari ya kilomita 350 hivi. Ocean Road, hospitali ya saratani ya huko Dar, walipata linaki, mashine zinazotengeneza mionzi kwa umeme, mwaka 2018. Kabla ya hapo kazi ilibebwa na mashine za kobalti-60, madini yanayotoa mionzi yenyewe. Mji wetu husifiwa kwa “waja leo waondoka leo”, lakini mtu wa Tanga aliyekwenda Dar kutibiwa puru kwa njia ndefu haondoki leo wala kesho. Ni wiki tano, kwa ndugu akiwa na bahati.

Februari, katikati: data

Nimekataa faili la mgonjwa hata moja lisiingie kwenye kompyuta yangu. Mwenzangu alikubali bila ubishi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambacho bado hatujakiomba, na kuna aibu ya kawaida tu: mambo ya puru ya mtu ni ya mtu. Kwanza tutengeneze wagonjwa wa kubuni, tuone kama swali letu lina kichwa na miguu. Tukiona halina, tutakuwa hatujamsumbua yeyote.

Kwa maumbo ya nyonga nimepakua picha za Gold Atlas kutoka Sweden, ambazo ziko wazi kwa watafiti. Bando liliisha katikati nikamalizia usiku. Ni za wanaume 19. Wanawake hawamo, na hili ni pengo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu watafiti wa Amsterdam walionyesha kwamba ukuta wa mbele wa mesorektamu, upande wa juu, ndio unaosogea kupita sehemu zote, na kwa wanawake unasogea zaidi. Kwa hiyo picha zangu zinawaacha nje walewale ambao swali linawahusu kwanza. Nitazitumia kujifunzia programu tu, sitatoa hitimisho lolote kutokana nazo.

Machi, mfungo

Nilikwenda Ngamiani kumwona mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyewahi kumsindikiza dada yake Dar kwa tiba ya nyonga. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, nikamweleza mradi. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza swali moja: “Mwanangu, na hao watu wako wa kwenye kompyuta, wanasafiri?”

Nikamwuliza ana maana gani.

“Mtu ametoka stendi ya Kange alfajiri. Njiani hanywi maji, anaogopa kumwomba dereva asimamishe gari. Chakula hakuna, au kala mayai ya kuchemsha na soda. Siku mbili hajapata choo. Akifika anaambiwa anywe maji ajaze kibofu, alale, apigwe picha. Hiyo picha ni ya tumbo lake, au ya safari?”

Nimeandika maneno yake kama alivyosema kwa sababu nahisi yatanirudia.

Akaongeza habari ya mfungo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, kila mtu anajua, lakini wapo wanaofunga kimyakimya, hasa wazee, na mtu wa namna hiyo hawezi kunywa maji saa nne asubuhi. Kibofu kikijaa huyainua matumbo membamba yakatoka kwenye njia ya mionzi. Kikiwa kitupu yanashuka. Sasa chukua mtu aliyepigwa picha ya kupangia akiwa amefunga, kisha mikupuo yake ikaangukia baada ya Idi. Mpango mzima umejengwa juu ya kibofu ambacho hakitaonekana tena.

Nimeongeza vigezo viwili kwenye orodha: saa tangu safari ndefu ya mwisho, na je, siku ya kupangia mtu alikuwa amefunga. Makala nilizosoma zina umri, jinsia, urefu wa uvimbe, ujazo wa kibofu. Hivi viwili sijaviona popote.

Machi, mwishoni: hesabu ya ukingo

Leo ni ya hesabu tupu, asiyependa aruke.

Kwa kuwa eneo linasogea, mfizikia huliongezea ukingo wa usalama pande zote. Kanuni maarufu ni ya Marcel van Herk wa Amsterdam, ya mwaka 2000. Inagawa msogeo mara mbili. Wa kwanza ni msogeo wa kudumu: tofauti kati ya mahali palipochorwa na mahali eneo linapokaa kwa wastani katika tiba nzima. Wa pili ni msogeo wa kila siku, kwenda na kurudi kuuzunguka wastani huo. Ukingo ni mara 2.5 ya mtawanyiko wa msogeo wa kudumu (mtawanyiko ni kiasi namba zinavyotapakaa kuuzunguka wastani), ongeza mara 0.7 ya mtawanyiko wa msogeo wa kila siku. Ukiufuata, wagonjwa 90 kati ya 100 eneo lao linapata angalau 95% ya dozi.

Angalia uzito wa namba hizo mbili. Msogeo wa kila siku unafuta makali yake wenyewe, leo mbele kesho nyuma. Wa kudumu haufuti kitu. Kila siku sehemu ileile inabaki nje.

Kwa majaribio nimeweka mtawanyiko wa mm 4 kwa kila msogeo. Ni namba ya mfano, nimeichagua ili hesabu isomeke. Ukingo unakuwa 10 ongeza 2.8, yaani mm 12.8. Wote wanaupata, hata yule asiyesogea kabisa, na utumbo mwembamba wa huyo asiyesogea unapigwa mionzi bila sababu. Mipaka inayotumiwa sana inataka sehemu ya mfuko wa matumbo, yaani nafasi nzima yanamokaa, inayopata 45 Gy isifike sentimita za ujazo 195, na ukingo mnene unaila nafasi hiyo upesi.

Aprili: ugomvi wa neno “anahitaji”

Mvua za masika zimeanza, umeme unakwenda na kurudi, na mimi na mwenzangu tumebishana wiki nzima kwa simu.

Nilidhani tumeshakubaliana nini tunatabiri. Hatukuwa tumekubaliana. Mimi niliandika: anahitaji kupangiwa upya yule ambaye msogeo wake wa kudumu kwenda mbele umezidi mm 6. Kwa mfano wangu, hao ni karibu 7 kati ya 100. Nikishusha mpaka uwe mm 4 wanakuwa 16. Nikiupandisha hadi 8 wanabaki 2. Wagonjwa ni walewale na miili ni ileile; nimegusa namba moja kwenye programu, na idadi ya “wahitaji” imeongezeka mara nane.

Yeye akasema milimita hazimtibu mtu. “Mwalimu, mimi nataka kujua dozi. Umesogea mm 7, lakini ukingo wangu ulikuwa 12.8, umepoteza nini?” Kisha akabadilika tena akasema hata dozi si jibu, kwa sababu kuna anayesogea sana lakini ukimpangia upya hakuna kinachobadilika, mwili wake umekaa vibaya kwa kila mpango; na kuna anayesogea kidogo, ila ukimpunguzia ukingo utumbo wake unapona kabisa. Huyo wa pili ndiye anayefaidika.

Nilikasirika kidogo, nakiri, maana alikuwa na haki na mimi nilikuwa nimeshaandika programu. Lakini hapa ndipo mradi wote ulipo. Makala nyingi za kutabiri huanza na safu ya majibu, ndiyo na hapana, kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliijaza, kwa mpaka aliouchagua yeye, na modeli, yaani programu inayojifunza kutabiri kutokana na data, inajifunza kuiga chaguo lake.

Tumeafikiana hivi kwa sasa: tubaki na mm 6 kwa sababu inahesabika, tuandike wazi kwamba ni mpaka wa mazoezi, na data ya kweli ikipatikana tupime faida kwa dozi ya utumbo.

Aprili, baadaye

Jambo dogo kwa wanafunzi wangu watakaosoma. Kama wahitaji ni 7 kati ya 100, modeli inayosema “hakuna anayehitaji” inapatia mara 93 kati ya 100. Mtu akikuletea usahihi wa 93%, mwulize kwanza wahitaji walikuwa wangapi.

Na lingine: hospitali ikikupa wagonjwa 40, wahitaji watakuwa 3 hivi. Kanuni ya zamani ya kukadiria inataka wahitaji 10 kwa kila kigezo. Vigezo 5 ni wahitaji 50, na ili uwapate hao unahitaji wagonjwa karibu 750. Nikiona modeli yenye vigezo mia vya picha iliyofundishwa kwa watu 40, nafunga ukurasa nikanywe kahawa.

Mei: picha za mwanzo

Kila siku kabla ya mkupuo mashine inaweza kupiga CT ya koni, hafifu lakini ya kutosha kuona puru na kibofu. Kwa hiyo baada ya siku tatu tuna picha tatu za mtu huyo mwenyewe. Je, zinatosha kumjua?

Hesabu ni nyepesi kuliko nilivyotegemea. Wastani wa picha chache hauaminiwi wote, unavutwa kuelekea sifuri. Misogeo miwili ikiwa na mtawanyiko sawa, picha moja unaiamini nusu, wastani wa mbili theluthi mbili, wa tatu robo tatu. Mtu ambaye picha zake tatu zina wastani wa mm 8, makisio yetu ya msogeo wake wa kudumu ni mm 6, na shaka iliyobaki ni mm 2 huku na huku. Uwezekano kwamba anazidi mpaka wetu wa 6 ni nusu kwa nusu. Kama mm 8 hizo zingetoka kwenye picha moja tu, uwezekano ungekuwa 24%. Kwa picha tano, 66%.

Picha tano! Kwa njia fupi hiyo ndiyo tiba nzima. Unapata jibu wakati mgonjwa anafunga mkoba.

Hapa njia fupi na njia ndefu zinaachana kabisa. Katika njia ndefu, ukisubiri picha tatu umetumia 12% ya tiba, na 88% bado inarekebishika. Katika njia fupi picha tatu ni 60%. Kila mkupuo ni moja ya tano ya dozi, na msogeo wa kila siku haupati siku za kutosha kujifuta. Na njia fupi ndiyo inayomfaa mtu wa mbali. Jaribio la RAPIDO, lililochapishwa 2021, liliifuatanisha na dawa za kemo kabla ya upasuaji, na vituo vingi vimeichukua. Kwa mtu anayetoka Lushoto au Pangani, wiki moja badala ya tano ni pesa na ni heshima. Yule ambaye kutabiri kungemsaidia zaidi ndiye asiyekuwa na muda wa kutabiriwa.

Nikaweka sheria ya kazi: tuko tayari kupanga upya watu wanne ili kumpata mmoja anayehitaji kweli, yaani tunamwita yeyote mwenye uwezekano wa 25% kwenda juu. Kwa picha tatu, huyo ni mwenye wastani wa kuanzia mm 6.2. Kati ya 100 tunaita 9, karibu 5 kati yao wanahitaji kweli, na 2 wanatupita bila kuitwa. Mwenzangu alisema 9 anawaweza. Swali lake likawa juu ya wale 2, na mimi sina la kumjibu zaidi ya kwamba kuwapata kutamgharimu kuita wengi zaidi.

Mei, mwishoni: mtego

Huu niliutega makusudi nione unauma kiasi gani. Ukichukua msogeo wa wastani wa tiba nzima kama jibu, kisha ukatumia picha tatu za kwanza kulitabiri, picha hizo tatu zimo ndani ya jibu. Katika mikupuo 25 uvujaji ni mdogo. Katika mikupuo 5, tatu kati ya tano za jibu umeshamwonyesha mtahiniwa. Alama zinapanda kwa raha, na hakuna ulichotabiri. Jibu lipimwe kwa siku zinazobaki tu. Nimeliandika kwa wino mwekundu ukutani.

Juni: siku ya kupangia

Kusi limeanza, Raskazone kuna upepo mzuri wa jioni, na mimi nimekaa ndani kwa sababu swali la yule mama wa Ngamiani limerudi.

Nilikuwa nimeweka msogeo wa kudumu mm 4 na wa kila siku mm 4, sawasawa, kwa urahisi wa hesabu. Leo nimejiuliza: hivi msogeo wa kudumu unatoka wapi? Tuseme mwili wa mtu una mahali pake pa kawaida, na kila siku unacheza huku na huku kwa mtawanyiko wa mm 4. Siku ya CT ya kupangia ni siku kama nyingine, nayo imechezeshwa kwa mm 4 zilezile. Tofauti ni kwamba mchezo wa siku hiyo hauishi siku hiyo. Unachorwa, unapangiwa, unarudiwa mara 25. Fundi akikupima kiuno siku ya Idi baada ya pilau, suruali itakupwaya mwaka mzima, na kosa si la kiuno.

Kwa hiyo hata mtu mwenye mwili wa kawaida kabisa anapata msogeo wa kudumu, kwa bahati mbaya ya siku moja. Zile mm 4 za msogeo wa kudumu hazikuwa namba huru hata kidogo. Na “mgonjwa anayehitaji kupangiwa upya” huenda mara nyingi hayupo. Ipo picha ya kupangia iliyopigwa siku isiyofanana na siku zake nyingine.

Ushahidi wa jirani upo, kwenye saratani ya tezi dume. Mwaka 2005 de Crevoisier na wenzake wa MD Anderson walionyesha kwamba wagonjwa ambao puru yao ilikuwa imetanuka kwenye picha ya kupangia walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wengine. Puru ilitanuka siku ile. Siku za tiba ikasinyaa, tezi ikarudi nyuma, na miale ikabaki ilipoelekezwa.

Nikahesabu tiba ya bei rahisi. Tukipiga CT mbili za kupangia, siku mbili tofauti, na kupanga juu ya wastani wake, mtawanyiko wa msogeo wa kudumu unashuka kutoka mm 4 hadi 2.8. Ukingo unatoka 12.8 hadi 9.9. CT tatu, 8.6. Na wale wanaozidi mm 6, waliokuwa karibu 7 kati ya 100, kwa CT mbili wanabaki chini ya 2. Hakuna modeli, hakuna mashine mpya. Nimekaa na jibu hili tangu adhuhuri, maana linaufanya mradi wangu wa kutabiri kuwa mdogo kuliko nilivyotaka uwe.

Juni, siku mbili baadaye

Mwenzangu amenirudisha chini kidogo. Moja, si msogeo wote wa kudumu unatoka siku ya kupangia: uvimbe unasinyaa, mtu anakonda, kibofu kinachokasirishwa na mionzi kinashindwa kushika maji kadiri wiki zinavyokwenda. Hayo CT ya pili haiyaoni. Mbili, “wastani wa picha mbili” ni rahisi kwangu ninayecheza na namba moja. Yeye ana umbo zima, lenye mikunjo, na kuliweka katikati ya maumbo mawili si kujumlisha na kugawa kwa mbili. Tatu, CT ya pili ni nafasi kwenye foleni ya CT.

La tatu nimelipinga. CT moja ya ziada mwanzoni kwa mtu mmoja, ukiilinganisha na kupanga upya katikati ya tiba ambako daktari anachora tena na mfizikia anahesabu tena, ni nafuu. Akasema, “Kaka, ungekuwa unasimamia ile foleni ungesema vingine.” Labda. Lakini si lazima kila mtu apigwe mbili. Hapa ndipo kutabiri kunarudi, na kunarudi mahali pazuri zaidi: badala ya kuuliza baada ya mikupuo mitatu nani amesogea, tuulize siku ileile ya kupangia, mgonjwa bado yuko kitandani, je, leo ni siku ya kawaida kwa mwili huu? Jibu likiwa hapana, arudi kesho. Hata wa njia fupi anaokolewa, kwa sababu hajapigwa mkupuo hata mmoja.

Julai: karatasi ya maswali

Modeli nazieleza kwa kifupi kwa kuwa hazina habari. Rigresheni ya lojistiki, njia ya kawaida ya takwimu ya kukisia uwezekano wa ndiyo au hapana, ilifanya kazi. Msitu wa maamuzi, modeli inayokusanya kura za miti mingi ya maswali, haukuongeza kitu, wala nisingetegemea uongeze: wagonjwa nimewabuni mwenyewe kwa kanuni ileile, na modeli haiwezi kugundua nisichokitia. Nimeziweka kando hadi tupate data ya watu.

Kilichokwenda mbele ni karatasi moja ya kujazwa siku ya kupangia. Mwanzo iliandikwa na mimi, na ilisomeka kama fomu ya kodi. Nikaipeleka Ngamiani. Yule mama alivaa miwani akaifuta karibu yote. “Umefika lini mjini” akaiacha. “Hali ya choo katika saa 48 zilizopita” akaibadili iwe “Choo ulipata lini mara ya mwisho, na kilikuwa kama kawaida yako?” Nilikuwa nimeuliza kiasi cha maji kwa mililita, akasema uliza chupa ngapi na za ukubwa gani, uchore na picha yake. Swali la mfungo nililiogopa, nisionekane namhukumu mtu. Akaliandika hivi: “Leo umeweza kula na kunywa?” Anayetaka kusema atasema.

Kisha akauliza nani atauliza maswali haya. Nikasema mpiga picha. Akatikisa kichwa: kijana wa kiume kumwuliza mama mtu mzima habari za choo, mbele ya mkwewe aliyemsindikiza? Atajibiwa “nzuri” kwa kila swali. Basi tumeandika juu kabisa: karatasi ijazwe faraghani, na muuguzi wa jinsia ya mgonjwa inapowezekana.

Upande wa pili wa karatasi ni wa mpiga picha, vitu vitatu anavyoviona kwenye skrini: kipenyo cha puru mahali ilipotanuka zaidi, kama kuna gesi, na ujazo wa kibofu. Mwenzangu alitaka viwe tisa. Nimemwambia vikiwa tisa vitajazwa wiki ya kwanza tu.

Agosti

Andiko la kuomba kibali cha maadili limefika kurasa ambazo mwenzangu hatazisoma, kwa hiyo nimempa muhtasari. Tunaomba jambo dogo. Kwa kila mgonjwa wa puru atakayekubali, karatasi ijazwe siku ya kupangia, tiba iendelee kama kawaida bila kuguswa, na mwisho tulinganishe majibu ya karatasi na msogeo uliopimwa kwenye CT za koni. Hakuna atakayepangiwa upya wala kurudishwa kesho kwa sababu yetu. Wanawake na wanaume watachambuliwa mbalimbali tangu mwanzo. Jibu litapimwa kwa dozi ya utumbo na ya eneo lililochorwa, na mpaka wa “anahitaji” utaandikwa kabla hatujaona namba yoyote, ili tusije tukauchagua ule unaotupendeza.

Bado hatujaafikiana mpaka huo uwe upi. Mwenzangu anataka 95% ya dozi kwenye mesorektamu, mimi nataka na utumbo uhesabiwe. Jumamosi anakuja Tanga kwa harusi ya binamu yake. Nimemwambia aje na mipango mitatu ya kubuni tuihesabu pamoja, kabla ya harusi, maana baada ya harusi simtegemei.

Mengine yaliyobaki: kutafuta picha za nyonga za wanawake zilizo wazi kwa watafiti, kuijaribu karatasi kwa wauguzi wawili wasiotujua, na kumpelekea mama wa Ngamiani nakala safi, iliyochapwa kwa herufi kubwa kama alivyoagiza.